Mshika Mlango

Nyinyi mliona duka la miavuli,
kaunta ing'aayo, kengele juu ya mlango,
Bwana Fazackerley akipanga njama ya kutajirika
kila Alhamisi saa mbili usiku.
Mimi niliona mgongo wa duka hilo:
plaiwudi isiyopakwa rangi, misumari imetokeza ncha,
ndoo ya mchanga, nyaya zimelala sakafuni kama utumbo,
na giza la studio, Salford, mwaka wa sabini na tatu.
Kazi yangu ilikuwa kitasa.
"Lomax, mlango!"
Navuta. Mtu anaingia nuruni.

Nyota wa kipindi hakuwahi kusimama nami.
Taa zikiwaka alikuwa keshakaa ndani, kama bwana harusi.
Sina kinyongo naye. Kazi yake ilikuwa kutaka:
alitaka duka la pili, alitaka udiwani,
alitaka gari lenye viti vya ngozi,
na mtu akitaka dakika kumi mfululizo
hata awe mcheshi vipi, huwa wali usio na kitoweo.
Ndipo watu walipoanza kuutazama mlango.
Nilihisi. Viti mia mbili vikilia kwa pamoja.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akaja Horace Tunnicliffe, msoma mita ya gesi
ambaye kwa miaka saba hakuisoma mita.
Mchana alifanya kazi kiwanda cha mikate;
harufu ya hamira ilimtangulia gizani.
"Hatua tatu, kisha kofia," alininong'oneza,
wiki baada ya wiki, kana kwamba nimesahau mimi.
Alipewa maneno tisa. Akayabeba kama mayai.

Na mayai yenyewe yalikuwa ya Clement,
mpwa asiyesema. Alikula tu,
yai moja la siki kila kipindi, taratibu,
huku dunia ya mjomba wake ikiporomoka.
Watoto walimpenda mno hata wakamtumia mayai kwa posta.
Nani aliyazoa? Lomax.

Lakini nataka kusema juu ya Winnie.
Winnie Sowerbutts, mteja wa mwavuli mweusi.
Mwavuli uleule, malalamiko yaleyale, maneno mawili:
"Bado unavuja."
Basi. Anauweka kauntani, anageuka, anatoka.
Nchi nzima iliyasema pamoja naye,
mabibi sokoni, makondakta, wauguzi.

Usiku mmoja wa Novemba alifika moja kwa moja kutoka Bolton,
hospitali, wodi ya wanaume.
Koti lake lilichuruzika maji ya mvua ya kweli.
Hakuniambia neno. Aliegemeza paji la uso kwenye plaiwudi,
pale pale palipoandikwa kwa chaki USIEGEMEE,
nami nikaacha.
Ndani, nyota anataka, anataka.
Taa yangu nyekundu ikazimika.
Winnie akavuta pumzi, akanyoosha kola, akapita.

"Bado unavuja."

Kicheko kilipiga ule ukuta hata mbao zikatetemeka kiganjani mwangu.
Kicheko kirefu kuliko vyote vya miaka saba;
hawakujua wanacheka nini, nadhani walijua kidogo.
Akarudi gizani, akanikabidhi mwavuli
kama mtu anavyokabidhi mtoto aliyelala,
akaenda kuwahi basi.

Sasa nina miaka themanini na mmoja, niko Eccles,
magoti yamekataa ngazi.
Vipindi vinarudiwa mchana, baada ya mnada wa vitu vya kale.
Mjukuu wangu Bryony alikuwa akitazama nami juzi
akasimamisha picha ghafla.
"Babu, angalia. Kuna mkono."
Kweli. Ukingoni mwa mlango, vidole vinne,
kimoja kimefungwa plasta.
"Wa nani?"

Nilikitazama kidole changu muda.
Kisha nikamwambia: iachie picha, mwanangu,
Winnie anaingia.